Wifi Aliyechemsha Gari

Mbele ya dereva, katika gari alilotuachia marehemu mume wangu, kuna visahani viwili vya kioo. Kimoja kilikuwa cha kuonyesha mwendo, nacho kilikufa miaka kumi kabla ya mwenye gari. Cha pili ni geji ya joto la injini: bluu kushoto, nyekundu kulia, na mshale mwembamba kama njiti ya kiberiti. Kwa hiyo sisi katika familia hii hatujawahi kujua tunakwenda kasi gani, lakini joto la injini tunalijua kuliko joto la miili yetu.

Marehemu alikuwa na amri moja tu juu ya gari lile. "Mshale ukigusa nyekundu, simama, zima, shukeni wote. Gari lipumue." Alisema wote, na wote maana yake wote: mjamzito, mgonjwa, kuku, mzigo uliopakatwa. Kuna makalvati ya barabarani ninayoyafahamu kama vyumba vya nyumba yangu. Mwanangu wa pili alianza kutembea kando ya moja, na baba yake alipoona mtoto anapiga hatua alisema, "Vizuri, lakini nani anaangalia mshale?"

Mimi nilikuwa nikiwatuliza watoto kwa vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Saa yangu ina mkono mmoja, haijui alfajiri wala magharibi, lakini ikisema, abiria wote hushuka."

"Geji!" walipiga kelele hata kabla sijamaliza. Hakuna watoto wengine duniani ambao wangelipata jibu hilo, na hakuna watoto wengine ambao wangelihitaji.

Basi wifi yangu, dada yake marehemu, alihamia kwangu miaka mitatu iliyopita baada ya kufiwa na mumewe. Kwa miaka arobaini tulikuwa tukichambana kwa barua. Alipohamia tukaokoa stempu. Alikuja na sanduku moja, mdomo wake, na macho yenye ukungu. Daktari aliyepita kwenye zahanati yetu akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kufikia wakati huu la kushoto lilikuwa limeshafunga duka. La kulia lilikuwa linaona mwanga na vivuli, nami alinijua kwa kikohozi.

Halafu mwaka jana akateleza bafuni. Wakamwekea chuma gotini, na tangu siku ile mguu wa kulia haukunjiki hata kidogo. Ukimkalisha, unabaki umenyooka mbele kama bomba. Na kwa kuwa ulipona ukiwa mfupi, alitengenezewa kiatu chenye soli nene kama tofali. Kwenye basi haingii, kiti cha nyuma cha gari haingii. Anaingia sehemu moja tu: kiti cha mbele cha gari letu, kikiwa kimerudishwa nyuma mpaka mwisho, kiatu kikiwa kimetumbukia chini ya dashibodi.

Hospitali ya macho iko mwendo wa saa tatu. Mara ya kwanza tulipompeleka akafanyiwe upasuaji, tulisimama mara kumi na moja. Mwanangu wa kwanza, ambaye ni fundi cherehani na ndiye dereva wetu, alikuwa hajafika hata njia panda mshale ukaruka kwenye nyekundu. Tukashuka wote. Tukamtoa wifi kama watu wanaotoa kabati. Mwanangu akawasha swichi kuangalia: mshale uko katikati, umetulia. Tukamrudisha wifi: nyekundu. Tukamtoa: katikati. Tukamrudisha: nyekundu. Tukawa tunakwenda kipande, tunapumzisha gari, tukafika hospitali saa nane mchana, daktari ameshaondoka.

Wakatupa kadi mpya. Alhamisi ya mwezi uliofuata, saa nne kamili asubuhi. Chini yake muuguzi aliandika kwa wino mwekundu kwamba atakayekosa mara ya pili atarudishwa mwisho wa orodha. Mwanangu akauliza mwisho wa orodha uko wapi. Akaambiwa ni mwaka na miezi minne.

Jicho la kulia halikuwa na mwaka na miezi minne. Hilo daktari alikuwa ameshalisema waziwazi.

Jumapili iliyofuata tukakaa sebuleni. Mwanangu alikuja na daftari lake la vipimo vya wateja, lile lenye viuno na mabega ya mtaa mzima, akafungua ukurasa mpya na kutusomea kwa sauti ya hakimu.

"Shangazi ndani ya gari: nyekundu. Shangazi nje: katikati. Mama kwenye kiti hichohicho: katikati. Mimi: katikati. Gunia la mchele lenye uzito sawa na wa Shangazi, limefungwa mkanda: katikati. Kwa hiyo si uzito."

"Ni nini sasa?" nikauliza.

"Ni yeye."

"Mimi nini?" wifi akasema kutoka kwenye kona yake, uso ameuelekeza kwenye pazia akidhani ndio sisi.

"Shangazi, kwa heshima zote, unatoa joto."

Nilijiandaa kwa vita. Nilisogeza hata gilasi. Lakini wifi akauliza tu, "Joto kiasi gani?"

"La kushinda injini, Shangazi."

"La kushinda injini," akarudia polepole, kama mtu aliyesomewa cheo.

Nisiseme uongo, hata mimi nilikubali nusu. Ningefanyaje? Vipimo vilikuwa daftarini. Tukaanza kumpoza. Tulimfunga taulo bichi kichwani tukamweka garini: nyekundu. Tukamlisha matango siku mbili: nyekundu. Mwanangu akasema labda ni maneno yake yanayochemsha, akamwomba akae kimya kwenye kiti dakika kumi. Wifi alikaa kimya dakika kumi, jambo ambalo hata marehemu kaka yake hakulishuhudia maishani. Nyekundu.

"Sasa anachemka moyoni," mwanangu akaandika.

Habari ikatoka nje ya geti. Wa kwanza kuja alikuwa jirani yetu, karani mstaafu, mwenye gari linalogoma kuwaka asubuhi za baridi. Alivua kofia mlangoni.

"Mama, samahani. Nasikia una kipaji."

"Watu wanasema," wifi akajibu.

Akaenda kukalishwa kwenye gari la karani alfajiri, mlango wazi, mguu nje, blanketi mabegani. Karani akazungusha ufunguo mara tatu, likakohoa. Mara ya nne likawaka. Kwa kawaida huwaka mara ya sita. Siku ya pili alimletea kigoda chenye mto akiweke barazani, kiwe chake. Jirani mwingine, muoka mikate, akawa anapita asubuhi na beseni zake mbili za unga uliokandwa, anaziweka karibu na miguu ya wifi, anafunika na kitambaa. Unga ukaumuka. Unga wa hamira ungefanya nini kingine? Lakini muoka mikate alisema hajawahi kuona unga ukiumuka kwa adabu namna ile.

Wifi akabadilika. Akawa anasalimiwa na watu wa mbali. Alianza kukaa na mikono mbali na mwili wake, eti asijiunguze.

"Wifi," nikamwambia siku moja, "nipashie uji."

"Sifanyi kazi ndogondogo," akasema.

Tungecheka mpaka leo, isipokuwa Alhamisi ilikuwa inakuja. Nilikwenda kituo cha teksi kuwaulizia madereva kama kuna gari ambalo kiti chake cha mbele kinarudi nyuma sana. Walipojua abiria ni nani, wakaanza kufuta vioo ambavyo tayari vilikuwa safi. "Mama yangu," mmoja akaniambia, "injini yangu ndiyo kwanza nimeifungua na kuifunga. Bibi yule simuwezi." Nikamwendea karani. Karani akasema kuwasha ndiyo, safari ya saa tatu hapana, ataliyeyusha.

Nikarudi nyumbani nimechoka, nikamkuta wifi anafurahi.

"Basi tuache," akasema. "Fikiria mwenyewe. Daktari alete vile vyuma vyake vidogo karibu na jicho langu, viyeyukie humo? Mwaka na miezi minne si mingi."

Hapo ndipo nikatazama mikono yake. Alikuwa ameshika kadi ya hospitali, ameikunja, akaikunja tena, mpaka imekuwa ndogo kama kipande cha mwisho cha sabuni. Nikajua nina mgonjwa wa macho, gari bovu, na mtu mzima anayeogopa, na wote watatu wamejificha nyuma ya mshale mmoja.

Jumanne nikaenda gereji. Fundi wetu anaitwa Kesho, kwa sababu ndilo jibu lake. Nilimkuta amelala chini ya lori, miguu tu nje, nikazungumza na miguu.

"Mwanangu, nina gari linalochemka akiingia wifi yangu."

Miguu ikatulia. "Akiingia nani?"

"Wifi."

"Nakuja kesho, Bibi," miguu ikasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaja kesho kweli. Nadhani alikuja kushangaa.

Jumatano asubuhi mtaa wote ulikuwa kwenye geti letu. Karani alileta kiti chake. Fundi Kesho alifungua boneti, akagusa injini kwa nyuma ya kiganja, akainusa, akafunga. Akasema, "Bibi mwenye joto akae."

Tukamwingiza wifi. Fundi akawasha swichi. Nyekundu. Watu wakapiga makofi, wifi akainamisha kichwa kidogo.

"Toa mguu nje, Bibi. Mguu peke yake. Wewe baki."

Tukauvuta mguu nje. Mshale ukaanguka katikati.

"Rudisha."

Nyekundu.

"Mvueni kiatu."

Katikati, mguu ukiwa ndani. Watu wakanong'ona. Muoka mikate akakitazama kile kiatu kwa macho ya tamaa. Fundi Kesho akajilaza kwenye sakafu ya gari chali, kichwa chini ya dashibodi, sikio lake karibu na soksi ya wifi. Akaomba tochi, kisha akaomba kiatu kivaliwe tena.

"Bonyeza, Bibi. Acha. Bonyeza. Ahaa."

Akatoka na waya wa kijani kati ya vidole viwili. Sehemu moja, urefu wa ukucha, ulikuwa umechubuka mpaka shaba inaonekana.

"Sikilizeni," akasema, akijifuta. "Ndani ya injini, kwenye maji, kuna kidude kidogo cha shaba. Kutoka pale unakuja waya huu mpaka kwenye geji. Maji yakipata moto, kile kidude kinaachia umeme mwingi zaidi upite kwenda kwenye bodi, na mshale unapanda. Sasa kiatu cha Bibi kinaubana waya uliochubuka kwenye bati la bodi huku juu. Umeme wote unapita hapahapa. Mshale unadhani kumeungua. Injini yenyewe haina habari."

"Kwa hiyo joto langu?" wifi akauliza.

"Bibi, huna joto. Una kiatu."

Akaufunga waya kwa utepe mweusi, akaupandisha juu mahali ambapo mguu haufiki. Wifi akabonyeza na kiatu chake kwa nguvu zote, akabonyeza tena. Katikati. Watu wakaanza kukumbuka shughuli zao. Karani alipita barazani, akabeba kile kigoda chenye mto, akaondoka nacho bila kuaga.

Nilimkuta wifi chumbani, amekaa kitandani, mguu umenyooka.

"Umefurahi," akasema aliposikia kikohozi changu.

"Nimefurahi ndiyo. Kesho tunakwenda."

"Wiki zote hizi watu walikuwa wanakuja wenyewe kunisalimia. Kabla ya hapo nilikuwa kizee cha kugongana na milango."

"Kesho watakupasua, kesho kutwa hutagongana."

"Siendi."

"Wifi."

"Wanachoma sindano ya ganzi tu, wifi. Nimeuliza. Mtu halali. Watatia kisu kwenye jicho nami nasikia wanavyoongea." Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo, siyo yake. "Nikitikisika je?"

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Kuhusu jicho najua kulipuliza mtoto akiingiwa na vumbi.

"Nitakaa mlangoni," nikasema.

"Ukikaa mlangoni inanisaidia nini?"

"Haikusaidii. Lakini ukipiga kelele, nitakuwepo nikucheke."

Akaingiza mkono kwenye kilemba, akatoa ile kadi, akaanza kuikunjua kwenye paja, mkunjo mmoja baada ya mwingine.

Tuliondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Mwanangu alikuwa na furaha ya mtu aliyefutiwa kesi. Miaka yote gari lile limebeba dumu la maji kwenye buti. Siku ile alilishusha, akaliacha kwenye ngazi.

"Geji imepona, Mama. Dumu ni la watu wenye wasiwasi."

Na kweli mshale ulikaa katikati, mchana kweupe, na mguu wa wifi ukiwa ndani. Nyuma mimi nilikuwa nimepakata chupa ya chai ya wifi, ya kunywa akishatoka kwa daktari, na chupa mbili za maji ya kunywa. Baada ya saa moja na nusu tukaanza kupanda mlima. Mshale ulisogea kidogo kuelekea kulia, kama mtu anayechungulia. Halafu ukageuka. Ukarudi katikati, ukapita katikati, ukaendelea kushuka, ukagusa bluu.

"Mama, ona!" mwanangu akapiga usukani. "Tunapanda mlima na gari linapoa! Fundi yule ni bingwa!" Akakanyaga mafuta.

Mimi nikasikia harufu. Tamu, kama sukari iliyosahauliwa jikoni.

"Simamisha gari."

"Kwa nini? Bluu, Mama. Bluu!"

"Naiona. Umewahi kupika maharage wewe?"

"Mama, naendesha."

"Maji yakiwepo, sufuria inaongea. Maji yakikauka inanyamaza, na hapo ndipo maharage yanaungua. Fundi alisema kile kidude kiko kwenye maji. Maji yakiisha, kinapima nini?"

Mwanangu akafikiri. Niliona masikio yake yanafikiri. "Kinapima... hewa."

"Basi simama."

"Lakini amri ya Baba ni nyekundu," akasema kwa unyonge, na mguu wake ulikuwa bado juu ya mafuta. "Baba hakusema kitu kuhusu bluu."

Ndivyo nilivyomlea, sina wa kumlaumu. Mtoto aliyeshushwa kwenye gari kila mshale uliposema, hawezi kushuka mshale usiposema. Angetupeleka hivyohivyo mpaka injini igande kama chuma cha pasi, huku anashangilia bluu.

Ndipo wifi akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu nyumbani.

"Simama. Nyayo zangu zinaungua."

"Shangazi, jana tumethibitisha kwamba wewe huna joto."

"Sina. Ndiyo maana nimelisikia la mwenzangu. Simama, we mtoto!"

Akasimama. Hajazima vizuri mvuke ukatoka boneti nzima, mweupe, kama gari limevaa shela. Tukamtoa wifi, tukakaa kwenye majani. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka ubavuni, ufa wa urefu wa kidole, na maji yote yalikuwa yamebaki mlimani nyuma yetu.

Ilikuwa saa mbili kasoro. Mwanangu akataka kufungua kifuniko cha rejeta palepale. Nikamchapa mkono kwa kandambili.

"Nani anafunua sufuria inayochemka kwa uso? Kaa chini."

"Tutachelewa!"

"Tutachelewa na uso."

Tukakaa nusu saa nzima. Niliwatazama wote wawili, mmoja anakula kucha, mwingine anageuzageuza kadi, nikaona nitie neno.

"Kitendawili!"

Mwanangu akaendelea na kucha zake.

"Mwanangu anakunywa siku nzima hakojoi. Siku akikojoa, nasi tumeachwa njiani."

"Rejeta," wifi akasema. "Na huu si wakati wake."

Injini ilipopoa kiasi cha kuguswa, mwanangu alitoa kile ambacho fundi cherehani hakosi mfukoni: lastiki ya viuno vya sketi, mita mbili, na uzi wa ngozi. Akaufunga ule mpira kama anavyofunga ncha ya mto, duru baada ya duru, akivuta kwa meno, akaukaza kwa uzi juu yake. Sijawahi kuona mpira wa gari ukishonwa vizuri namna ile. Nilitamani mteja apite aone.

Tukatia chupa mbili za maji ya kunywa. Rejeta ikazimeza kama mtu aliyetoka jangwani. Tukasubiri gari lipite, halikupita. Mtaroni kulikuwa na dimbwi moja. Tukalikausha kwa kikombe, mwanangu akichuja kwa kitambaa cha bitana. Bado haikujaa. Tukatazamana. Kisha sote wawili tukaitazama chupa ya chai.

"Kwa nini mmenyamaza?" wifi akauliza.

"Shangazi... chai yako."

"Ina nini?"

"Injini inaihitaji."

Tangu jana usiku alikuwa amefunga, wala tone la maji, na chai ile ndiyo kitu pekee alichokuwa akikizungumzia kwa upendo. Akauliza, "Ina maziwa?"

"Ya rangi," nikasema. "Sukari vijiko sita, kama unavyotaka."

"Mwageni," akasema. "Lakini ikizoea, mtaipikia nyinyi."

Tukaimwaga, lita mbili nzima. Mwanangu akawasha. Mshale ulilala bluu kwa muda, kisha ukaanza kupanda taratibu, ukafika katikati, ukakaa. Nikamwambia afungulie hita yote, kwa sababu marehemu alikuwa akisema hita huipunguzia injini joto, ni kama kuiazima kifua. Basi tukaenda vioo wazi, hita inatupulizia hewa ya moto yenye harufu ya chai na majani, jasho linatutiririka, na sasa mwanangu akawa anaogopa nyekundu na bluu kwa pamoja, macho yamemtoka kama anayetunga uzi kwenye sindano.

Tuliingia getini saa nne kasoro dakika nne. Mlinzi aliinama dirishani, akanusa.

"Mna mkahawa humu ndani?"

"Mna mgonjwa," wifi akasema. "Fungua."

Muuguzi alikuwa tayari mlangoni na orodha. Aliichukua ile kadi iliyokunjamana, akaigeuza ili aweze kuisoma, akasema, "Bibi, wewe ndiye unayefuata. Anayemsindikiza abaki hapa."

Wifi akapiga hatua tatu, kiatu kikagonga sakafu, akasimama.

"Wifi."

"Nipo mlangoni."

"Huendi kokote?"

"Niende wapi? Gari lenyewe linakunywa chai."

Akaingia. Nilikaa kwenye benchi, sikio kwenye mbao za mlango, hadhi nimeiweka pembeni. Sikusikia kelele. Baada ya muda nikasikia sauti yake, ile kubwa, ya kawaida, ikimwambia daktari: "Kabla hujagusa chochote, mwanangu, angalia vizuri kama hakuna mahali pamechubuka." Na daktari akajibu, "Ndiyo, Bibi, naangalia." Nikaegemea ukuta. Nilikuwa nimelibana pindo la kanga yangu mpaka vidole vimekufa ganzi.

Tulilala hospitali. Mwanangu alipata mpira mpya mjini, akaufunga, akaitoa ile chai, lakini lastiki aliifua na kuirudisha mfukoni. Asubuhi muuguzi akalifungua jicho la kulia. Wifi akapepesa. Akatazama dirisha, akamtazama muuguzi, kisha akanigeukia mimi, akanitazama muda mrefu mpaka nikaanza kurekebisha kilemba.

"Sema basi," nikamwambia.

"Nilikuwa nadhani ni kikohozi tu kilichozeeka," akasema.

Nikamwambia la kushoto likifunguliwa miezi ijayo ataona na yaliyobaki, asiwe na haraka.

Tukamwingiza garini, kiti nyuma, mguu mbele. Mwanangu akawasha. Wifi akainama kuelekea kwa dereva, akatazama kwenye dashibodi, akatafuta huku na huku.

"Iko wapi?"

"Nini, Shangazi?"

"Hiyo geji."

Mwanangu akaigusa kwa kidole. Wifi alipohamia kwangu macho yake yalikuwa yameshaharibika. Hakuwa ameiona hata siku moja. Akasogeza uso karibu kabisa, jicho lake jipya likiwa bado jekundu na lenye maji.

"Hiki?" akasema. "Kitufe hiki? Mimi nilidhani ni kitu kama saa ya ukutani! Kitu kidogo kama kifungo cha koti ndicho kilichotaka kunila jicho?"

"Ndicho, Shangazi."

"Endesha," akasema. "Leo nakiangalia mimi."

Na akakiangalia. Hatujatoka getini akasema, "Katikati." Tulipofika barabara kuu akasema, "Katikati." Mwanangu akasema asante, Shangazi. Mita mia mbele akasema, "Kimesogea. Hapana, katikati." Kwenye mteremko, katikati. Kwenye daraja, katikati. Mwanangu akamwomba kwa upole amwambie tu kikiondoka katikati.

"Kwani nimekuuliza?" wifi akasema, hakubandua jicho. "Katikati."